Upande wa Kushoto wa Tarach

Kipepeo alipita mbele ya uso wa Clotilde, akakata kushoto, akazunguka bega la mumewe mara mbili, kisha akaenda zake kwenye miti ya edung. Alikuwa mweupe pe, mwenye mishipa ya kahawia mabawani. Nyuma yake wakafuata wengine wawili. Clotilde akasubiri, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

"Kushoto, sifuri," aliita Anatole.

Clotilde alikitazama kisogo cha mumewe, kofia yake ya kitambaa, mikono yake aliyoifunga nyuma kama mkaguzi wa shule. Alikuwa anatembea vilevile kama kila Jumamosi, hatua kwa hatua, katika mchanga wa mto Tarach uliokauka. Na wale watatu walikuwa bado wanacheza palepale upande wake wa kushoto, hata mtoto angewaona.

"Kushoto, sifuri," Clotilde alirudia, akaandika sifuri.

Kuandika ilikuwa lazima. Anatole alikuwa mpima ardhi kule Uvira, Kongo, kabla vita havijawafukuza, na katika kazi ile mmoja husoma chombo, mwingine huandika. Msomaji huita namba, mwandishi huirudia kwa sauti ili kosa lishikwe papo hapo, kisha huiandika. Mwandishi hachungulii chombo. Akichungulia, ataandika anachokitamani. Walipoanza kuhesabu vipepeo mwaka 2017, Anatole aliihamishia kanuni hiyo kambini Kakuma nzimanzima, akaiandika ukurasa wa kwanza wa daftari kwa wino mwekundu, na Clotilde, aliyekuwa akimcheka kwa mambo mengi, kwa hili hakumcheka. Miaka saba alikuwa akitazama karatasi na mahali pa kukanyaga, basi. Kipepeo alimwona kwa bahati tu, kama huyu aliyempita puani.

Ulikuwa mchezo wa watu wasio na kazi, majirani walisema, na hawakukosea sana. Mtu aliyezoea kupanda milima na chombo chake begani alikuwa amekaa kambini miaka mitano akihesabu mabati ya paa, hadi siku Lotiir alipokuja. Lotiir alikuwa fundi wa pampu za visima kutoka Lodwar. Alikuja kutengeneza bomba la mtaa wao, akamkuta Anatole amesimama katikati ya Tarach akihesabu kwa sauti vipepeo waliokuwa wanahama, na kumbe naye alikuwa na ugonjwa huohuo. Alikuwa na kundi la watu kumi na mmoja, Lodwar, Lokitaung, hadi Todonyang, ambao kila Jumamosi walitembea mstari wao na kumpelekea hesabu kwa simu: wapi, wangapi, na mvua ilinyesha lini. Hakuna aliyelipwa. Anatole akawa wa kumi na mbili, na tangu wiki hiyo akawa ananyoa ndevu kila Ijumaa bila kuambiwa.

Kila kitu kingine alichokuwa nacho alikuwa amepewa: nyumba, namba, mgao, hata kitanda. Hesabu ile peke yake ilikuwa yake. Watu wa Lodwar walipouliza "Kakuma kuna wangapi?" walikuwa wanauliza Anatole ameona wangapi, na neno lake liliaminika bila swali la pili. Kumnyang'anya hilo ni kumwacha na mabati. Clotilde alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana Jumamosi ile alikunja daftari, akarudi nyumbani, akachemsha chai, na hakusema kitu.

Mstari wao ulianzia kwenye bomba ukaishia kwenye mgunga mkubwa karibu na kivuko, hatua elfu moja, saa mbili asubuhi, jua likiwa mgongoni. Hawakuwahi kuutembea kinyume, maana ukirudi jua linakuchoma macho. Daftari lilikuwa na safu tatu: kushoto, mbele, kulia. Kushoto ulikuwa ukingo wa kambini, kulia ukingo wa porini. Vipepeo wenyewe waliwapa majina ya nyumbani. Mwenye ncha nyekundu za mabawa alikuwa Kiberiti. Yule mweupe mwenye mistari ya kahawia walimwita Karani, kwa kuwa alifanana na karatasi iliyopigwa mistari, na Karani ndiye aliyekuwa kipenzi chao, kwa sababu baada ya mvua ya masika alipita Kakuma kwa maelfu akielekea ambako hakuna aliyejua.

Mwaka 2021, siku nzuri ya Mei, Karani walikuwa sitini kushoto na sitini na wawili kulia. Kisha ukaja ule ukame. Mbuzi walikufa hadi mizoga ikakosa wa kuila, na nani angeshangaa vipepeo wakipungua? Lakini mvua iliporudi, Lodwar wakarudi, Lokitaung wakarudi, na Kakuma wakarudi mbele tu, kingoni hawakurudi. Safu ya kushoto ilizidi kukonda. Ishirini, kisha tisa, kisha wawili.

Anatole alipata jibu upesi, na lilikuwa jibu zuri kabisa. Kushoto ni kambini. Kambini watu wanakata kuni. Viwavi wa Karani hula majani ya edung, kwa hiyo ukikata edung umemmaliza Karani; wa mbele ni wapita njia tu. Hata upande wa kulia ulipoanza kukonda mwaka uliofuata, jibu halikuyumba. "Njo ivi," alisema kwa Kiswahili chake cha Uvira, ndivyo ilivyo, akitikisa kichwa. "Wakataji wamesha kuvuka." Lotiir alilipenda jibu hilo kuliko mwenyewe. Alichora mstari mwekundu wa kingo za Kakuma, unaoteremka, akaupeleka kwa watu wa Nairobi wanaoweka orodha za vipepeo, na Anatole akawa mtu wa kutafutwa kwa simu.

Nyariek, jirani yao, alilipia jibu hilo kwa miguu. Alikuwa mama Mnuer wa Sudan Kusini aliyepika chai na maandazi ya kuuza, na kuni zake alizikata ukingo wa kushoto. Anatole alimfuata na daftari mkononi, akamwonyesha namba moja baada ya nyingine. Nyariek hakujua kusoma, lakini kambini mtu mwenye daftari husikilizwa. Akaacha edung. Tangu hapo alitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mzigo kichwani, na maandazi yake yakawa yanachelewa.

Sasa turudi kwa Clotilde na wale Karani watatu. Wewe ungefikiri nini? Mume wake alisoma Biblia ya maandishi madogo bila miwani. Alimtungia uzi kwenye sindano, mara moja tu, wakati Clotilde mwenyewe alihangaika na uzi huo hadi akachoka. Macho hayakumjia akilini hata kidogo. Lililomjia ni baya zaidi: Anatole ameanza kusema uongo. Ametangaza kwamba Karani wamekwisha kingoni, watu wamemsikiliza, Nairobi wamemwandikia, na sasa Karani wanarudi na yeye hana ujasiri wa kuwaita.

Akaanza kuchungulia. Jumamosi ya pili, watano kushoto. Anatole aliita sifuri. Jumamosi ya tatu, kundi zima, sifuri. Ya nne mmoja alitua kwenye mkono wa shati la Anatole, akakaa hatua nne nzima, na Anatole akasema sifuri kwa sauti ileile tulivu aliyokuwa akimwambia usiku mwema. Clotilde alirudia na kuandika. Miaka thelathini na minne ya ndoa, wamekimbia pamoja, wamezika pamoja, na mtu huyu hajawahi kumdanganya hata bei ya sukari, ndiyo aje kudanganya kwa kipepeo?

Kumwambia hakuweza. Alijaribu. Ya tano alifungua mdomo kabisa, akaishia kusema jua limekuwa kali. Alijiambia kwamba anamfichia aibu, kwamba wengine huficha makubwa kuliko hayo. Chakula alimpakulia kimya, na Anatole akauliza, "Mama Benita, nimekukosea nini?" Akamjibu hakuna kitu.

Jumamosi ya saba, walipokuwa wanarudi nyumbani, Anatole aliingia mguu mzima kwenye beseni la unga la Nyariek.

Nyariek alikuwa amekaa mahali pake pa kila siku, kushoto mwa njia, beseni likiwa mbele yake, jeupe, pana, katika mwanga wa mchana. Anatole aliomba radhi mara kumi. Akajipangusa suruali akiwa amefadhaika, akaingia ndani. Nyariek hakukasirika. Alimgeukia Clotilde.

"Mama Benita, hii mzee haoni," alisema.

"Anaona. Jana alisoma barua."

"Haoni. Mimi nasalimia yeye tatu mara hii wiki, anapita tu. Mimi nafikiria ananichukia, juu ya ile maneno ya kuni." Nyariek alichota unga uliochafuka, akaumwaga pembeni. "Leo naona macho yake. Inaangalia mbele tu."

Clotilde aliingia ndani. Alimkalisha Anatole kwenye stuli, akaketi mbele yake, akamwambia: tazama pua yangu. Akachukua leso nyeupe, akaiinua upande wa kushoto, mbali kidogo, akaipunga. Anatole alitazama pua. Akaisogeza karibu. Akaisogeza tena. Leso ilikuwa imefika kwenye shavu la Clotilde mwenyewe ndipo Anatole akashtuka.

"Unafanya nini?"

"Nafukuza nzi," alisema Clotilde, akatoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja.

Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ilichukua siku tisa. Clotilde aliiomba kwa ajili ya mkutano wa mwaka wa kundi la Lotiir, ambao kweli ulikuwa umekaribia, na kwa kliniki ya macho, ambayo alimwambia Anatole ni ya kupata miwani ya kusomea, umri umekwenda. Siku zote tisa alimtazama. Aliona anavyogeuza kichwa kizima kutafuta kikombe kilichoko kiwikoni. Aliona anavyotembea katikati kabisa ya njia. Mambo hayo yalikuwepo siku zote, na yeye alikuwa akiyaita uzee, na mengine akiyaita maringo.

Walifika Lodwar Alhamisi jioni, wakalala kwa Lotiir. Mkutano ulikuwa kesho yake saa nane. Lotiir alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na injini.

"Ejok, mzee."

"Ejok noi," Anatole aliitikia salamu kwa Kiturkana, akicheka.

"Watu wanakungoja wewe. Hii maneno ya Kakuma imeshtua kila mtu." Kwenye ukuta wa banda Lotiir alikuwa amebandika karatasi pana kama shuka, na juu yake mstari mwekundu ukiteremka kutoka pembe ya juu hadi sakafuni. Anatole aliusogelea, akaufuata kwa kidole, pole pole, hadi mwisho. Clotilde alimwona ananyoosha mabega. Alitamani ardhi impasukie.

Kliniki walikwenda asubuhi. Daktari aliitwa Natasha, msichana mwembamba asiye na haraka. Alimkalisha Anatole uso kwa uso, akamwambia afunike jicho moja na atazame pua yake, kisha akainua mkono pembeni.

"Ngapi, mzee?"

"Ngapi nini?"

"Vidole vyangu."

"Bado hujavionyesha," alisema Anatole.

Daktari alijaribu upande wa pili, juu, chini, jicho la pili. Akampima kwa mashine, akamtia matone, akamulika ndani kwa muda mrefu. Clotilde alikaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Ndani ya mkoba kulikuwa na daftari, maana Anatole alilihitaji saa nane.

"Mzee," daktari alisema hatimaye, "hii ni presha ya macho. Haiumi. Inaiba kwa pembeni, pole pole, na katikati inaacha. Ndiyo maana unasoma. Ubongo unajaza pale palipo wazi, mtu hajui kama kuna kitu kimekosekana. Jicho la kushoto limebaki na kidogo sana. La kulia linaona kama kupitia tundu."

"Bon. Dawa?"

"Nitakupa matone, ya kila siku, maisha yote. Yanalinda kilichobaki. Tukiona hayatoshi tutazungumza habari ya operesheni. Lakini kilichokwenda hakirudi, mzee. Sitakudanganya."

Anatole akauliza, kama mtu wa kazi anavyouliza, ilianza lini. Daktari akasema ni vigumu kujua, labda miaka miwili, labda mitatu, wagonjwa wenyewe huwa hawana habari.

Hapo Clotilde akatoa daftari. Hakujua kwa nini hasa. Labda kwa sababu lilikuwa na tarehe, na daktari alikuwa anatafuta tarehe. Alimweleza kwa maneno machache: mstari mmoja, kushoto, mbele, kulia, kila Jumamosi. Daktari alifungua kurasa kwa heshima, akafuata safu kwa kalamu yake bila kugusa karatasi. Mbele, ukiacha ule ukame, haikubadilika. Hamsini na nane, hamsini na tano, sitini. Kushoto ilikuwa inaisha. Alirudi nyuma ukurasa, akaenda mbele, akasimama.

"Upande wa kushoto ulianza hapa," alisema. "Juni, mwaka 2022. Na kulia ni hapa, Aprili iliyofuata." Aliweka kalamu chini. "Mimi sijawahi kuona kitu kama hiki. Hii ni kadi ya macho yake. Mmeijaza wenyewe kila wiki."

"Kama tungeileta ile Juni?" aliuliza Clotilde.

Daktari Natasha alitazama daftari, si Clotilde. "Ile Juni angekuwa bado anaona karibu yote, mama."

Na wiki saba? Clotilde aliuliza hilo pia, kwa sauti ya chini. Daktari alisema wiki saba si nyingi kwa ugonjwa wa miaka miwili. Alisema kwa wema, na wema huo haukumsaidia Clotilde chochote. Wiki saba zile alikuwa ameketi meza moja na ugonjwa, akiununia.

Nje jua lilikuwa limesimama utosini. Anatole alitembea katikati ya barabara mpaka Clotilde alipomshika mkono. Walipofika penye kivuli cha duka akasimama.

"Wiki saba ni nini?"

Clotilde alimwambia. Alimwambia wale watatu wa kwanza, wale watano, na yule aliyetua kwenye shati. Alisema upesi, bila kuacha nafasi.

"Na hukuniambia."

"Nilifikiri unawaona."

"Kama niliwaona, kwa nini ningeita sifuri?"

Clotilde aliona jibu linavyomwingia mumewe, taratibu, na uso wake ukibadilika. Habari ya macho alikuwa ameipokea wima. Hii ilimfanya atafute ukuta kwa mkono.

"Ulinifikiria mwongo," alisema.

"Nisamehe, papa Benita."

"Mi, mwongo?"

Alisema hilo tu, na hakurudia.

Saa nane watu kumi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki bandani kwa Lotiir, na sinia la chapati likizunguka. Clotilde alidhani Anatole ataomba udhuru. Hakuomba. Alisimama mbele ya ile karatasi kubwa, akavua kofia.

"Karani hawakuisha Kakuma," alisema. "Macho yangu njo yaliisha."

Lotiir alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona uso wa Clotilde.

Anatole alieleza bila kupamba. Kisha akasema jambo ambalo daktari hakulisema, wala Clotilde hakuwa amelifikiria, na alilisema akiwatazama mmoja mmoja, akigeuza kichwa kwa kila mtu. "Mi ni mpima. Katika kazi yetu, ukisha kusoma chombo, unakigeuza kinyume, unasoma tena. Hapo unajua kosa liko kwa ardhi ama liko kwa chombo. Hata kijana wa siku ya kwanza anafundishwa. Miaka saba nilitembea mstari upande mmoja, juu ya jua. Sababu ni jua tu. Kama ningeugeuza siku moja, upande uliokuwa mtupu ungekuwa wa porini, na ningejua palepale." Alijigusa kifuani. "Chombo kilikuwa mimi. Sikukigeuza."

Mtu mmoja wa Lokitaung alikohoa.

"Toa hii karatasi, Lotiir," alisema Anatole. "Na ile ya Nairobi, waambie waifute."

"Hii nitatoa, mzee. Ya Nairobi ilishaenda. Nimeona wameitumia tayari, imeingia kwa kitabu yao. Nitaandika, lakini…" Lotiir, mtu wa sauti kubwa, alikuwa ananong'ona. Alisimama juu ya kiti akaanza kung'oa gundi, na karatasi ikapasuka katikati kwa sababu alikuwa ameibandika vizuri mno.

Ruhusa yao iliisha Jumapili, wakarudi na chupa tatu za matone. Kila asubuhi na kila jioni Clotilde alimlaza Anatole kichwa mapajani, akamfungua kope, akatia tone moja kulia na moja kushoto. Walizungumza habari za maji, za mgao, za binti yao Benita na mumewe huko Kalobeyei. Anatole hakuwa mkali. Alisema asante kila mara, kwa adabu, kama unavyomshukuru muuguzi, na adabu hiyo ilimkata Clotilde kuliko matusi. Angepigiwa kelele angepata pa kushika.

Alikwenda kwa Nyariek siku ya pili. Alimkuta ndiyo kwanza anatua mzigo wa kuni, shingo imemlowa jasho. Alimwambia edung haikuwa na kosa, kuni hazikuwa na kosa, ni macho. Nyariek alipangusa uso kwa ncha ya shuka.

"Sasa naweza kukata hapa?"

"Unaweza."

"Mwaka mbili nimetembea," alisema Nyariek, bila ubaya, akahesabu kitu kwa vidole na kuacha katikati. "Pole kwa mzee." Kesho yake Clotilde alimwona akielekea tena kulekule mbali. Alisema miguu ilikuwa imeshazoea.

Jumamosi mbili zikapita bila kwenda mtoni. Lotiir alipiga simu mara mbili, Anatole akampa Clotilde simu aongee yeye. Ya tatu, Mei ikiisha, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima katika vilima vya upande wa Uganda, na Clotilde alipofungua mlango asubuhi aliwaona. Walikuwa wanapita juu ya mabati, kati ya nyumba, chini ya kamba za nguo, weupe, maelfu, wote wakielekea upande mmoja.

Angeweza kufunga mlango. Aliwaza hivyo kweli. Kisha akafikiria yale aliyokwisha kuyanyamazia.

"Papa Benita. Wamekuja."

Anatole alivaa kofia. Hakuuliza daftari na Clotilde hakulibeba. Walikwenda hadi katikati ya Tarach, kwenye mchanga ulioloana, na hapo walikuwa wengi zaidi kuliko mwaka wowote ambao Clotilde aliukumbuka. Walimpiga usoni, walimwingia kwenye kitambaa cha kichwa. Walimgawanyikia Anatole huku na huku, wakakutana tena nyuma yake.

"Ni wengi?" aliuliza.

"Wengi."

"Kama ngapi?"

Clotilde alijaribu. Alifika arubaini, akapotea, akaanza upya, akapotea tena. "Siwezi," alisema. "Sijui unavyofanya."

Anatole aligeuza kichwa pole pole kutoka kushoto kwenda kulia, kama daktari alivyomfundisha. Akasimama. "Mmoja," alisema. Akamfuata kwa uso wake wote, shingo mbele. "Ameenda." Akaanza tena kushoto. Alitafuta kwa muda mrefu, katikati ya weupe ule wote. "Mmoja," alisema tena. Baadaye akaketi kwenye mchanga.

Clotilde alikaa kando yake, upande wa kulia, ambako ilikuwa rahisi kidogo kuonekana.

"Ningechagua ndege," alisema Anatole. "Ndege mtu anaweza kumusikia."

Aliinamisha kichwa, akatega sikio, labda kwa mazoea tu ya mtu anayetafuta. Clotilde naye akasikiliza. Kulikuwa na jenereta mahali fulani, na mbuzi, na basi la Lokichoggio likipiga honi mjini. Vipepeo walipita siku tatu, na hawakutoa sauti yoyote.